Tumepata ruhusa ya kusafisha makaburi ya zamani, tuanzie wapi?

Swali lenyewe kwa ufupi: dada mmoja ameandika kwamba yeye na wenzake kumi na mbili wameamua kujitolea kufufua eneo la makaburi ya zamani lililotelekezwa, makaburi kama mia mbili hivi, majani yamefunika, mawe mengine yamelala chini na mengine majina hayasomeki kabisa. Ruhusa wanayo kwa maandishi. Jumamosi ijayo wanaingia kazini, mmoja wao analeta mashine ya presha ya kuoshea magari, mwingine madumu ya jiki na brashi za waya. Anauliza kama vifaa vinatosha na waanze na nini.

Dada, hongera kwanza, na ruhusa ya maandishi ni kitu ambacho vikundi vingi wanakikumbuka wakati polisi wameshafika, kwa hiyo hapo mko mbele. Sasa naomba ile mashine ya presha ibaki nyumbani. Na jiki. Na brashi za waya pia. Najua nakuvunja moyo lakini kuna makaburi yamekaa miaka mia na hamsini bila kuguswa na mtu, mvua yote hiyo jua lote hilo yamevumilia, halafu yakaharibiwa wikiendi moja na watu wema wenye nia safi kama nyinyi.

Na nikisema watu wema najihesabu na mimi. Nilipokuwa mgeni kwenye hii kazi nilipewa jiwe moja la marumaru lililokuwa jeusi tii, nikalisugua na brashi ya waya nusu siku mpaka likawa jeupe kama jino, watu wakapiga picha, nikajiona fundi. Mwaka uliofuata nimerudi nakuta michirizi ya kutu inashuka kutoka kwenye herufi, manake vipande vidogo vidogo vya waya vilikatika vikabaki ndani ya jiwe vikaanza kushika kutu. Halafu juu ya jina palikuwa na ua limechongwa, dogo tu, ukubwa wa kifuniko cha chupa, lilikuwa na petali tano. Sasa hivi ni uvimbe. Nakwambia tano kwa sababu niliziona kwa macho yangu kabla sijaanza kusugua, lakini picha hakuna, karatasi hakuna, ushahidi pekee uliobaki duniani kwamba lile ua lilikuwa na petali tano ni kichwa changu.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza, na ya pili, na pengine ya tatu, msisafishe kitu. Andikeni na pigeni picha tu. Najua watu wamejiandaa na glovu na wanataka waone tofauti kabla na baada, wape kazi ya kufyeka njia ya kupita, lakini jiwe liachwe.

Kuandika kwenyewe ni hivi. Chora ramani ya eneo, hata kwa mkono na futi ya kamba inatosha, gawanya kwa mistari, kila kaburi lipewe namba, hata yale ambayo ni shimo lililodidimia tu au mawe manne yasiyochongwa, hayo hasa, manake ndo ya kwanza kupotea. Namba usiipake rangi kwenye jiwe jamani, nimeona hiyo nayo! Chomeka kijiti pembeni chenye lebo. Kila namba iwe na karatasi yake: linaelekea upande gani, jiwe la aina gani, urefu upana unene, limesimama au limeegemea au limelala, limepasuka wapi, na maandishi yake herufi kwa herufi. Hapo kwenye maandishi kuna ugonjwa wa watu waliosoma, wanarekebisha. Mchongaji kakosea tahajia, wewe unaandika iliyo sahihi. Usifanye hivyo. Andika kosa kama lilivyo, mstari ukiishia katikati ya neno na wewe ishia hapo hapo, herufi usiyoiona weka nukta, na ukikisia andika kwamba hapa nimekisia. Mwenzako asome kwa sauti wewe ukiandika halafu mbadilishane mhakikishe, tarakimu ndo zinadanganya zaidi, 1 na 7 zikilika zinafanana, 3 na 8 pia.

Kwanini nasisitiza namna hii. Kuna mwandishi Mmarekani mweusi, Zora Neale Hurston, alifariki 1960 kule Fort Pierce, Florida akiwa hana kitu na akazikwa kwenye kaburi lisilo na jiwe. Mwaka 1973 mwandishi mwingine, Alice Walker, alienda kulitafuta kwenye magugu, akapata mahali palipodidimia, akamnunulia jiwe. Ni moja ya matendo mazuri sana kwenye historia ya hii kazi yetu na mimi naliheshimu. Lakini jiwe linasema kazaliwa 1901, na Hurston alizaliwa 1891. Yeye mwenyewe alikuwa na tabia ya kupunguza umri wake, kwa hiyo kosa halikutoka hewani, ila sasa limechongwa, na kila anayefika pale anapiga picha anaondoka nalo. Jiwe watu wanaliamini kuliko karatasi. Ndo maana mkifika hatua ya kutaka kuweka vibao vipya kwa wasio na majina, kalieni kwanza vitabu vya mazishi, rejista za vifo, magazeti ya wakati huo, wazee wa hizo familia, na mkikosa uhakika wa mwaka basi mwaka msiuweke.

Majina yasiyosomeka sasa. Utasikia watu wanapaka unga, chaki, povu la kunyolea ndevu, halafu wanafuta ili herufi zitokee. Zinatokea kweli, sitakudanganya, lakini povu lina asidi ndani yake na huwezi kulitoa lote kwenye vitundu vya jiwe, unga unakuwa chakula cha kuvu. Kutandika karatasi na kusugua kwa penseli ya nta nayo inakwangua jiwe lililochoka, na siku karatasi ikichanika unalichora kabisa. Mbinu inayoshinda zote haigusi jiwe: mwanga wa pembeni. Chukua kioo kikubwa, kile cha kujitazama mwili mzima ni kizuri, mtu asimame mita tatu nne pembeni ya jiwe, arushe jua lipite juu ya uso wa jiwe kwa mkwaruzo, karibu sambamba nalo kabisa. Kila mchongo uliobaki hata nusu milimita unatupa kivuli. Mara ya kwanza unaiona hii unahisi kama jiwe linaongea, sekunde moja ni ubao mtupu, kioo kikizunguka kidogo kushoto jina lote liko pale, kikizidi linapotea tena, kwa hiyo mwenye kamera awe tayari na mwenye kioo azungushe taratibu sana. Kama kuna mawingu au jiwe limekaa kivulini, subiri giza, tochi ya kawaida inafanya kazi hiyo hiyo. Pigeni picha tano sita mwanga ukitokea pande tofauti, kushoto, kulia, juu, maana herufi moja inajitokeza vizuri na mwanga huu na nyingine na ule.

Picha zote na karatasi zote ziwekwe sehemu tatu, na moja isiwe simu ya mtu. Mkitaka kuzipandisha mtandaoni ziko tovuti kubwa za makaburi, Find a Grave ipo tangu 1995, BillionGraves inahifadhi na mahali jiwe lilipo kwa GPS, ndugu wa mbali wanatafuta watu wao huko. Ila kaburi la juzi juzi ambalo familia bado iko kwenye uchungu uliza kwanza.

Kabla hamjaendelea kuna la usalama na hili sitaki utani. Jiwe la marumaru la urefu wa mita moja, upana sentimita 60, unene sentimita 10, unaliona dogo tu, lina kilo 160 hivi. Likiegemea na udongo umelowa linaangukia miguu ya mtu, au mtoto. Watoto wamekufa makaburini kwa mawe kuwaangukia, imetokea zaidi ya mara moja. Kwa hiyo asiwepo wa kuegemea jiwe, wa kukalia, wala wa kulisukuma kuona kama limelegea, yaliyoinama wekeeni kamba kuzunguka mpaka aje anayejua. Na mashimo yaliyozibwa na majani ni mengi kuliko unavyofikiri, tembea na fimbo unagonga mbele yako.

Kufyeka. Watu wanataka kung'oa kila kitu kiwe uwanja wa mpira. Angalieni kwanza. Sehemu nyingi ambazo watu hawakuwa na uwezo wa kununua jiwe, au walinyimwa, mmea ndo ulikuwa alama ya kaburi. Kwenye makaburi ya waliokuwa watumwa Marekani unakuta vinka imetambaa, yuka imepandwa, jiwe la shambani lisilochongwa, magamba ya baharini, mtu asiyejua anafagia vyote anatupa kama takataka na hapo kaburi limeshafutika. Mti uliokulia juu ya kaburi usiung'oe, kata ikibidi uache kisiki, mizizi imeshikana na vilivyomo chini. Ile mashine ya kufyekea ya uzi isifike karibu na jiwe, acha upana wa viganja viwili vya mkono, hapo katieni kwa mkasi, mawe laini yale unayaona yana mkanda wa makovu chini pale, huo ni uzi wa mashine. Na dawa ya kuua magugu isimwagwe kwenye shina la jiwe, jiwe linanyonya chumvi zake, na udongo ukibaki mtupu unamomonyoka jiwe linainama.

Mkiona mfupa, mnaacha hapo hapo, mnafunika kwa udongo ule ule, mnamwita mwenye mamlaka na eneo. Hakuna picha hakuna kuposti. Nchi nyingi kugusa mabaki ya mtu bila kibali ni kosa la jinai hata kama nia yako ni njema. Na mkikuta katikati ya hayo makaburi jiwe la kijeshi la vita kuu za dunia, yale yanayofanana yote kimo kimoja umbo moja, hilo lina mwenyewe, kuna tume ya Jumuiya ya Madola ilianzishwa 1917 inatunza makaburi ya askari wake kwenye nchi zaidi ya 150, wapigie, wana mafundi wao.

Haya, tumefika kwenye kuosha, najua ndo ulikuwa unasubiri. Swali la kwanza ni kama jiwe linaosheka. Gonga kidogo kwa kifundo cha kidole sehemu mbali mbali, sauti ikiwa nzito sawa, ikiwa ya ngoma maana yake tabaka la juu limeachana na la ndani na maji mkiingiza humo mnaliangusha, mawe ya mchanga yana tabia hiyo sana. Pitisha kidole kwa marumaru, ukiona chembe zinabaki kidoleni kama sukari basi jiwe linayeyuka, liacheni. Mawe hayo mnayapiga picha vizuri mnaondoka, kazi yenu kwa hilo jiwe imeisha na mmeifanya sawa sawa.

Linaloosheka linahitaji maji mengi safi na brashi laini ya nailoni au ya nyuzi za mimea, vijiti vya mbao vya kutolea uchafu kwenye herufi, na uvumilivu. Basi. Lilowesheni kwanza kabisa lote, jiwe kavu linanyonya uchafu ndani, halafu anza chini panda juu, ukianza juu yale maji machafu yanateremka kwenye jiwe kavu yanaacha michirizi ambayo haitoki. Sugua kwa kuzunguka bila kukandamiza, suuza, sugua, suuza, maji yakishuka meupe acha hata kama bado kuna weusi, manake lengo ni kuondoa vinavyoshikilia unyevu, halina haja ya kung'aa, jiwe la mwaka 1850 halitakiwi lifanane na la jana. Fanyeni asubuhi kabla jiwe halijapata moto, na kama kwenu kuna baridi ya kugandisha maji msubiri msimu upite, maji yakiganda ndani ya jiwe yanatanuka yanalipasua.

Sasa jiki. Inaua kuvu kweli na inang'arisha ndani ya dakika kumi, ndo maana watu wanaipenda. Tatizo ikikauka inaacha chumvi ndani ya vitundu, kila mvua ikinyesha chumvi inayeyuka, kila jua likiwaka inaganda upya inatanuka, inasukuma uso wa jiwe kutoka ndani. Jiwe halionyeshi mwaka wa kwanza. Linaanza kumenyeka mwaka wa tatu wa nne, na nyinyi mmeshasahau mlifanya nini. Siki na dawa za kusafishia choo ni mbaya zaidi, marumaru na mawe ya chokaa ni kalisiamu kaboneti, tone la asidi likianguka linachemka povu, na lile povu ni jiwe lenyewe linaondoka. Sabuni ya kufulia ina chumvi zake pia. Maji yakishindwa kabisa kuna dawa maalumu za kuua viumbe vya juu ya jiwe zisizo na klorini wala asidi, D/2 ndo inajulikana zaidi, makaburi ya kijeshi ya Marekani wanaitumia, unanyunyizia jiwe na halibadiliki mbele ya macho yako, linasafika lenyewe kwa wiki na miezi mvua ikisaidia. Jaribu kwanza sehemu ndogo nyuma ya jiwe chini, subiri mwezi. Mashine ya presha, yaani nadhani umeshaelewa, maji yale yanakata uso mgumu wa jiwe uliojijenga miaka yote hiyo na kufungua ulaini wa ndani.

Yale madoa kama ganda, kijivu, njano, machungwa, yanaitwa likeni, ni viumbe hai, yana nyuzi zimeingia ndani ya jiwe milimita kadhaa, ukiyabandua makavu yanatoka na jiwe. Na siyo uchafu tu, makaburi ya makanisa ya Uingereza peke yake yamekutwa na spishi zaidi ya 700, nyingine hazipatikani kwingine karibu. Kama hayafuniki maandishi mimi nayaacha.

Kuunga mawe yaliyovunjika msijaribu, hapo tafuteni fundi wa mawe ya kale hata mkikusanya hela mwaka mzima. Ila nikwambie kitu kimoja kwa sababu kuna mtu kwenye kikundi lazima atasema nina mfuko wa saruji nyumbani. Saruji tunayoijua hati yake ni ya 1824, na hata baada ya hapo mafundi wengi waliendelea na chokaa miaka na miaka. Chokaa ni laini kuliko jiwe na inapumua, unyevu unapitia humo na ukitokea mpasuko unapasuka kwenye chokaa, unabadilisha chokaa. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu kirahisi, kwa hiyo unyevu unatokea kwenye jiwe, na mpasuko nao. Lililovunjika kusanyeni vipande vyote, vipigeni picha, vilazeni juu ya changarawe visishike udongo, maandishi yaangalie juu yakiwa na mteremko kidogo maji yasituame, muandike kwenye karatasi ya namba yake. Vinaweza kusubiri hapo miaka kumi bila shida.

Kuhusu wale wenzako kumi na mbili, wengi wataacha, usiwalaumu. Highgate ya London, ilifunguliwa 1839, kampuni iliyokuwa inaiendesha ikaishiwa pesa, mwaka 1975 ikafungwa, na mwaka huo huo wananchi wakaanzisha kikundi cha marafiki wa makaburi, hadi leo kikundi hicho ndo kinaendesha na kutembeza wageni kwa tiketi. East End kule Richmond, Virginia, makaburi ya Wamarekani weusi ya mwaka 1897, eka 16 zimezama kwenye msitu na matairi yaliyotupwa, watu wa kujitolea wameanza 2013 na wametoa maelfu ya mawe kwenye majani. Na vikundi vidogo ninavyovijua vilivyodumu vina kitu kimoja: siku yao inajulikana, Jumamosi ya kwanza ya mwezi iwe mvua iwe jua, kazi ya masaa matatu tu halafu watu warudi kwao. Vikundi vinavyoanza na siku moja kubwa ya watu themanini na tisheti, ukirudi baada ya mwaka nyasi ziko kifuani. Nyasi hazisikii hotuba.

Kwa hiyo Jumamosi: ramani, vijiti, futi ya kamba, kioo, tochi, daftari mbili, penseli siyo kalamu maana kalamu ikilowa imekwisha, na panga na mikasi kwa wasioweza kukaa kimya. Yule wa jiki mpe kioo, mtu mwenye nguvu za kusugua atakishika vizuri mkono hautatetemeka. Mkimaliza namba kumi za kwanza nitumieni picha, mwanga wa kushoto na wa kulia, nikwambie lipi linaosheka na lipi hapana, na kabla sijajibu maji yasimwagwe.